Kiwanja Kimeiva, Geti Bado: Mechi ya Kwanza Nyumbani, Daraja la Tatu Dodoma

Aliyelipa shilingi 1,000 kuitazama klabu hii ya kata ikifungua msimu nyumbani, pembezoni mwa mashariki ya jiji la Dodoma, alipata thamani ya hela yake. Mpira ulianza saa 10:00 jioni kama ulivyotangazwa, kiwanja cha vumbi kilikuwa kimeandaliwa kuliko vingi vya daraja hili, na timu ziligawana pointi kwa bao 1-1. Kilichoangusha siku kilikuwa foleni ya getini, jezi zilizogongana rangi, na zaidi ya yote wenyeji kushindwa kuutumia uwanja wao kama watu wanaoujua. Klabu hatuitaji jina. Kasoro zake ziko kwenye viwanja vingi vya ngazi hii, na mazuri yake yanaweza kuigwa na timu yoyote yenye jembe, kamba na boza la maji.

Kwa asiyefuatilia huku chini: daraja la tatu ndiyo ligi ya mkoa. Bingwa anakwenda Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, akifanya vizuri anapanda First League, kisha Championship, ndipo Ligi Kuu. Dodoma Jiji, waliopanda Ligi Kuu mwaka 2020, wana uwanja wa Jamhuri pale mjini, wana nyasi na jukwaa. Huku hakuna hela ya televisheni. Hela ya getini ndiyo inayotazamiwa kwa maji, chokaa na nauli, na mechi ya kwanza nyumbani ndiyo mtaa unapoamua kama utarudi tena au utabaki kwenye kibanda umiza ukitazama ligi za Ulaya.

Kazi kubwa imefanyika kwenye kiwanja, kwa hiyo tukae hapo kwanza.

Kina urefu wa mita 100 na upana wa mita 64. Sheria inaruhusu urefu wa mita 90 hadi 120 na upana wa mita 45 hadi 90, kwa hiyo kipo salama. Udongo ni mwekundu wa kichanga, wenye changarawe. Dodoma inapata mvua kati ya Desemba na Aprili, chini ya milimita 600 kwa mwaka mzima, na ikishafika miezi ya upepo kiwanja cha namna hii kinakuwa na tabaka mbili: juu unga wa vumbi, chini sakafu ngumu kama saruji. Kikiachwa hivyo, mpira unadunda kupita vichwa vya mabeki, na mchezaji akiteleza ananyanyuka na goti lisilo na ngozi.

Adui wa kwanza ni mbigili. Unatambaa ukiwa umelala chini kabisa, maua yake ni madogo ya njano, na tunda lake likikauka linaachana vipande vipande, kila kimoja na miiba yake. Kipande kikianguka vyovyote, mwiba mmoja lazima utazame juu. Unapenya soli ya ndala, unatoboa tairi la baiskeli, na mpira wa bei nafuu ukipita juu yake mara tatu nne unakwisha upepo kabla ya mapumziko. Timu nyingi zinakosea kwa kupitisha fyekeo. Fyekeo linakata majani, linaacha mzizi, na linarusha mbegu kila upande. Wiki mbili baadaye hali ni mbaya kuliko mwanzo.

Hapa waling'oa kwa jembe, mmea ukiwa bado kijani na matunda hayajakauka, wakajaza kwenye viroba na kwenda kuchoma mbali na kiwanja. Kisha wakaburuta blanketi kuukuu, taratibu, hatua kwa hatua. Vipande vilivyobaki vinanasa kwenye manyoya ya blanketi. Unalikunja kwa ndani, unakwenda kulikung'uta kwenye moto, unarudi tena. Mbele ya kila goli blanketi lilipita mara tatu. Ukaguzi wa kutembea kwa miguu kabla ya mechi, kwenye kumi na nane zote mbili (maeneo ya penalti), uliibua kipande kimoja tu, karibu na kibendera cha kona ya kaskazini mashariki. Kwa kiwanja cha Dodoma wakati wa kiangazi, hiyo ni kazi ya kupongezwa kwa sauti.

Maji yalikuja kwa boza la lita 10,000, mara mbili. Boza la kwanza lilitumika kwa akili sana. Lilimwagwa jioni ya siku iliyotangulia, kwenye kumi na nane mbili na duara la kati tu. Hesabu yake iko hivi: lita moja kwenye mita moja ya mraba ni kina cha milimita moja. Kiwanja kizima ni mita za mraba 6,400, kwa hiyo boza likitawanywa kote linatoa milimita moja na nusu, kiasi cha kulaza vumbi kwa saa chache. Kumi na nane mbili na duara la kati kwa pamoja hazizidi mita za mraba 1,600. Boza lilelile linazipa zaidi ya milimita sita, maji yanazama usiku kucha, na udongo unashikana. Ni maeneo hayohayo ambayo golikipa anaruka, mabeki wanateleza kuzuia, na mpira unapigania uhai wake.

Asubuhi, udongo ukiwa bado na unyevu, walisawazisha kwa chuma cha pembe cha mita mbili kilichofungiwa tairi mbili juu ili kipate uzito, kikivutwa na pikipiki kwa mwendo wa kutembea. Chuma kinakwangua matuta na kujaza mashimo. Wengine hutumia matawi ya mgunga kwa sababu yanapatikana bure. Yanasawazisha kweli, lakini yanaacha miiba yake ardhini, na kazi yote ya blanketi inakuwa imekwenda na maji.

Boza la pili ndilo lililopotea. Lilifika saa 6 mchana, jua la utosi, likamwagwa kiwanja kizima. Milimita moja na nusu ya saa 6, kwa jua lile na upepo ule, saa 9 haipo tena. Dakika ya 20 ya mchezo vumbi lilikuwa limeshainuka pembeni zote mbili, kwenye njia za mawinga, na mshika kibendera wa upande wa kaskazini alikuwa anafuta macho kwa mkono wa jezi. Boza hilo lilipaswa kufika saa 8 kamili na kumwagwa pembeni tu, upana wa mita 10 kila upande. Hizo ni mita za mraba 2,000, yaani milimita tano. Lisivuke saa 8 na nusu. Maji yakikuta sakafu ngumu bila muda wa kunywewa, juu panakuwa utelezi wa sabuni, na viatu vya tufu vyenye meno mafupi, ambavyo ndivyo vinavyofaa udongo huu, havishiki kitu.

Mistari ilipendeza. Pembe za kona zilipatikana kwa kamba: pima mita 6 upande mmoja, mita 8 upande wa pili, vuta mshazari mpaka usome mita 10, hapo pembe iko mraba. Chokaa ilikuwa ile iliyozimwa, imekorogwa na maji mpaka uzito wa uji mwepesi na kumiminwa kwa kopo lililotobolewa. Chokaa kavu ikinyunyizwa Dodoma inakwenda na upepo kabla ya kipyenga. Chokaa isiyozimwa ni hatari zaidi, kwa kuwa ikikutana na jasho au ikiingia jichoni inaunguza, na mchezaji anayelala juu ya mstari wa goli hana namna ya kuikwepa. Msinunue kwa kuwa ni rahisi.

Kumi na nane ya mashariki ilikuwa sawasawa: mita 16.5 kutoka ndani ya kila nguzo, upana wote mita 40.32. Ya magharibi pia. Ila doa la penalti la magharibi lilipimwa kwa hatua, na tepu ikasoma mita 10.4 badala ya 11. Bahati njema hapakuwa na penalti upande huo. Sentimita 60 zinampa golikipa muda mdogo zaidi, na timu iliyofungwa ikishajua itakuwa na hoja mkononi ya kwenda nayo kwa kamisaa, msimamizi wa mechi. Tepu ilikuwepo, imetumika kila mahali. Sekunde 30 tu zilikosekana.

Jambo ambalo lazima libadilishwe kabla ya mechi ijayo ni nguzo za vibendera vya kona. Walichomeka nondo. Sheria inataka nguzo isipungue mita 1.5 na isiwe na ncha kali, na urefu ulitosha, lakini nondo iliyozama ardhini haipindi. Winga anayekimbilia mpira usitoke ataiparamia kwa mbavu au kwa shavu. Bomba la plastiki la inchi moja, lililovalishwa juu ya kipande kifupi cha mti kilichopigwa ardhini, linapinda na kusimama tena. Mwanzi uliokatwa na kulainishwa ncha unafaa pia. Gharama yake ni ndogo kuliko kushona jeraha moja.

Magoli ni ya bomba la chuma, yamepakwa rangi nyeupe upya, nguzo zimesimamishwa kwenye zege. Mwamba wa juu wa goli la mashariki umelegea katikati kama sentimita tatu, kitu cha kawaida kwa bomba la mita 7.32 lisilo na msaada nyuma. Nyavu zilikuwa kuukuu lakini zimeshonwa kwa mkono, fundo kwa fundo, kwa kamba ya nailoni, na chini zimekandamizwa kwa viroba vya mchanga. Kiroba hakimuumizi mtu, tofauti na tofali. Wavu uliotoboka umeshavunja mechi nyingi za mtaani: mpira unaingia, unatokea nyuma, nusu ya uwanja inaapa kwamba ulipita nje. Hapa hakuna aliyebisha bao lolote.

Mipira ilikuwa miwili, na iliwahi kupelea. Ukitoka juu ya uzio unamsubiri mtoto aufuate mpaka bondeni. Mitatu ndiyo kiwango cha chini kwa kiwanja kisicho na ukuta. Na wasiiache juani baada ya kuijaza, maana upepo wa ndani unapanuka kwa joto na mpira unakuwa jiwe. Ijazwe kivulini, sindano ikiwa imeloweshwa kwanza, kwa sababu sindano kavu ndiyo inayochana mdomo wa kibofu na kuuanzisha ule ugonjwa wa kuvuja kidogo kidogo.

Sasa mpira wenyewe, na hapa ndipo wenyeji walipojinyima.

Kiwanja hiki kimelala mashariki kwa magharibi. Upepo wa kiangazi Dodoma unatoka mashariki na kusini mashariki, na saa 10 jioni unakuwa bado na nguvu. Kuelekea machweo unapungua. Jua liko magharibi, na saa 10 liko juu bado, halimsumbui sana golikipa. Kuanzia saa 11 linashuka machoni. Yaweke hayo mawili pamoja. Timu inayolinda goli la mashariki kipindi cha kwanza inapata upepo mkali mgongoni, na golikipa wake anatazama jua likiwa bado juu. Kipindi cha pili inahamia magharibi: upepo wa mbele umelegea, na golikipa wa wapinzani ndiye anayepambana na jua la chini. Hakuna hata chembe ya kubahatisha katika hilo. Kila anayeishi kuuzunguka uwanja huo anajua upepo unatoka wapi. Angalia tu mashuka ya majirani yanavyopepea kambani.

Shilingi iliporushwa, wenyeji walishinda. Sheria inampa mshindi kuchagua goli la kushambulia au kuanza na mpira. Nahodha wao akachukua mpira. Nahodha wa wageni hakupoteza muda, akaonyesha kwa kidole goli la mashariki, kwamba ndilo watakalolinda. Wageni, waliotoka safari ya barabarani siku hiyohiyo, waliusoma uwanja kwa dakika tano za kupasha misuli moto kuliko wenyeji walivyousoma kwa miaka.

Malipo yalikuja dakika ya 31. Faulo, kama mita 35 kutoka golini, upande wa kulia wa wageni. Mpigaji aliuchota juu, bila nguvu ya kutisha. Golikipa wa wenyeji alikuwa amesogea mpaka ukingo wa sita, kile kiboksi kidogo cha mbele ya goli, kwa kuwa jicho lake lilimwambia mpira utaangukia kwenye doa la penalti. Siku isiyo na upepo ungeangukia hapo. Ukabebwa. Alianza kurudi kinyumenyume, hatua fupi fupi, mikono juu, na mpira ukamshukia nyuma ya viganja, ukadunda mara moja kwenye udongo uliomwagiwa maji jana yake, ukaingia chini ya mwamba. Watu wa nyuma ya goli hawakupiga hata kelele mara moja. Walikaa kimya wakiutazama ulivyotulia wavuni.

Mashambulizi ya wenyeji kipindi hicho yalikuwa mipira mirefu dhidi ya upepo. Golikipa alipiga mpira wa goli mara saba hivi ukaishia nusu yake mwenyewe. Ukicheza dhidi ya upepo wa namna ile, mpira uende chini, pasi za mita 8 hadi 12, na golikipa aanzie kwa beki wa pembeni. Kocha aliligundua hilo mapumziko, na kipindi cha pili timu ilibadilika kabisa. Bao la dakika ya 68 lilikuwa zuri kuliko lolote tunalotarajia katika daraja hili: mpira wa kurusha upande wa kusini, pasi tatu za ardhini, winga akaingia mpaka mstari wa mwisho na kurudisha nyuma, na kiungo namba 8 akaubusu kwa ndani ya mguu, chini, pembeni mwa nguzo. Sakafu ile iliyosawazishwa ndiyo iliyoruhusu pasi hizo. Kwenye kiwanja chenye mashimo, pasi ya pili tu ingeruka.

Dakika kumi za mwisho zilikuwa mateso kwa golikipa wa wenyeji. Jua lilikuwa usawa wa paa za nyumba, naye hana kofia, anakinga macho kwa glavu. Wageni walilijua hilo na wakamwagia mipira ya juu. Mmoja ulimponyoka ukagonga mwamba. Sheria inamruhusu golikipa kuvaa kofia. Kofia ya kawaida ya soko la Majengo ingetosha, na klabu inayocheza kila wiki mbele ya jua hilohilo ilipaswa kuwa nayo kwenye begi la vifaa pamoja na pampu na bandeji.

Timu zote mbili zilikuja na jezi za bluu. Suluhisho likawa vesti za mazoezi za rangi ya machungwa kwa wenyeji, na vesti zikafunika namba. Dakika ya 52 mwamuzi akamwandikia kadi ya njano mchezaji asiyehusika, ikabidi mchezo usimame kama dakika nne wakati kamisaa, mwamuzi na nahodha wakisuluhisha. Mwamuzi alisahihisha, na alilisimamia hilo kwa utulivu unaostahili kusifiwa, lakini lisingetokea kama picha za jezi zingetumwa kwa simu siku mbili kabla. Seti ya pili ikikosekana, basi angalau vesti ziandikwe namba mgongoni kwa rangi ya kitambaa, 1 hadi 18, kazi ya jioni moja.

Getini palikuwa pagumu. Lango moja, mtu mmoja, kitabu kimoja cha tiketi. Wengi walifika saa 9:45 na noti za 5,000 na 10,000, na mtoza kiingilio alianza siku bila chenji. Lipa namba ilikuwepo, imeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya kichwa chake, mahali usipopaona mpaka umefika mbele na simu bado iko mfukoni. Saa 10:15 bado watu walikuwa nje, wakisikia mpira bila kuuona. Baadhi walikata tamaa wakapanda kichuguu kilichopo nyuma ya goli la magharibi, na kutoka pale, kusema kweli, wanaona vizuri kuliko wa ndani. Kila aliyepanda pale ni shilingi 1,000 iliyokosekana kwenye chokaa ya wiki ijayo.

Dawa yake haihitaji ujenzi. Chenji ya noti ndogo na sarafu iandaliwe asubuhi. Mtu wa pili apite kwenye foleni akiwachukua wenye elfu moja kamili. Lipa namba iandikwe kwa herufi za kusomeka kutoka mita 20, ibandikwe mwanzo wa foleni. Tiketi ichanwe nusu, kipande kibaki getini, ili jioni hesabu ya vipande na hesabu ya fedha zikutane. Na bodaboda zisogezwe kutoka mdomo wa lango, maana zimeacha njia ya mtu mmoja tu kupita kwa ubavu.

Ndani kuna mabenchi ya mbao pande mbili na turubai moja kusini. Kaeni kusini, karibu na kona ya mashariki. Upepo unatoka upande huo, kwa hiyo vumbi linawakimbia badala ya kuwajia. Waliokaa kaskazini magharibi waliondoka na nyusi nyekundu. Kwa mtazamaji aliyevaa shati jeupe, hilo ni jambo la kuzingatia.

Chakula kilikuwa kizuri. Mihogo ilichemshwa kwanza ikaiva nusu, ndipo ikakaangwa, hivyo ndani ilikuwa laini na nje ina ukoko, ikaja na kachumbari na pilipili ya kupondwa. Karanga zilikuwa za moto. Juisi ya ubuyu haikuchujwa sana, ilikuwa na uzito wake, na hiyo ndiyo tunayoipenda. Mishikaki haikuwa na kasoro kwenye nyama. Kasoro ilikuwa mahali pa jiko. Liliwekwa kona ya kusini mashariki, upepo unakotoka, na moshi ukakatiza kwenye kibendera muda wote wa kipindi cha kwanza. Jiko lihamie kaskazini magharibi. Maji ya chupa yaliisha wakati wa mapumziko, kosa kubwa kwa mechi ya jua. Choo kina matundu mawili, safi, bila maji ya kunawa. Ndoo yenye koki na kipande cha sabuni vinatosha.

Mtangazaji alisimama na kipaza sauti cha mkononi, akafungua kwa "Mbukwenyi!", salamu ya Kigogo, na uwanja wote ukaitika. Majina ya wachezaji aliyasoma taratibu, ya timu zote mbili, na kila badiliko alilitaja. Mapumziko kilipanda kikundi cha muheme, kina mama na ngoma zao, dakika 12, wakatoka kwa wakati. Wengine hujaza mapumziko kwa spika kubwa na hotuba za viongozi, timu zinarudi uwanjani zikasubiri. Hapa dakika 15 zilikuwa 15.

Huduma ya kwanza ilikuwa sanduku moja na machela ya turubai, na muuguzi aliyejua kazi. Michubuko aliisafisha kwa maji safi na sabuni kwanza, akaondoa changarawe, ndipo akafunga. Tumeona kwingine spiriti inamwagwa juu ya mchanga na bandeji inafungwa hapohapo. Kidonda cha namna hiyo kinaweza kutunga usaha. Ambacho hakikuwepo ni barafu, na ambacho hakikupangwa ni gari. Mchezaji akivunjika, nani anapiga simu, gari linaingilia wapi, na lango lile lililozibwa na bodaboda linafunguliwa na nani? Hayo yaamuliwe asubuhi. Mwamuzi naye angeweza kutoa mapumziko ya maji katikati ya kila kipindi. Sheria inaruhusu, na kwa hewa kavu ya Dodoma wachezaji waliyahitaji. Dakika ya 70 viungo wawili walikuwa wameshika magoti.

Mechi iliisha saa 11:53. Jua linazama karibu saa 12 na nusu na uwanja hauna taa, kwa hiyo kuanza kwa wakati ndiko kuliiokoa mechi hii. Ile nusu saa ya kuchelewa ambayo wengi wanaichukulia kawaida ingewafikisha ukingoni mwa giza.

Kwa atakayekwenda mechi ijayo ya nyumbani: fika saa 9:15, shika elfu moja kamili mkononi, chupa ya maji utoke nayo nyumbani, kofia usisahau. Ukitoka, usigombee bajaji zilizojazana langoni. Tembea kama mita 300 mpaka barabara ya lami, daladala zinapita pale. Wachezaji wa akiba wa wenyeji walikuwa wa mwisho kuondoka. Walifungua nyavu kamba moja baada ya nyingine, wakazikung'uta vumbi, wakazikunja kwa urefu na kuziweka kwenye kiroba kikavu, zisiliwe na panya wala jua. Nondo za kona nazo waling'oa, na tunaomba zisirudi.